Kikohozi Kisichosikia Dawa: Tusikiogope Kipimo cha Kuchungulia Mapafu

Hakuna nyumba isiyojua kikohozi. Baba akikohoa tunasema ni vumbi la safari, bibi akikohoa tunasema ni baridi ya mwezi wa Juni, na mara nyingi huwa ni kweli. Baada ya siku chache kikohozi kinakwisha na watu wanasahau.

Lakini kipo kikohozi kingine. Kinakaa wiki tatu, kisha mwezi, kisha miezi miwili. Dawa ya maji imekunywewa chupa kadhaa, vidonge vya kuua vijidudu vimemezwa dozi mbili au tatu, na bado mgonjwa anakohoa. Nguo zinaanza kumpwaya. Siku moja anatema makohozi yenye michirizi ya damu, anaikunja leso haraka ili watoto wasione.

Sisi tunaohudumu wodini, na siku za mapumziko kuwatembelea wagonjwa majumbani pamoja na akina mama wa kanisa, tunawaona wengi wa namna hiyo. Wengi wao hufika wamechelewa. Mara nyingi kinachowachelewesha ni jina la kipimo wanachoambiwa wakafanyiwe: bronkoskopi. Wakishasikia kwamba mpira utaingizwa kifuani, familia inarudi nyumbani "kushauriana", na mashauriano hayo huchukua miezi. Kwa hiyo tumeona ni vema tukieleze kipimo hiki kwa lugha ya kueleweka, ili siku mama au baba akiandikiwa, nyumba isifadhaike.

Si kila kikohozi cha damu ni kifua kikuu

Katika nchi yetu kifua kikuu ni ugonjwa wa kawaida. Kwa sababu hiyo mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, akikonda na kutoka jasho usiku, jambo la kwanza ni kupima makohozi. Hilo ni sahihi kabisa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa kawaida mgonjwa akizimeza miezi 6 bila kuruka siku hupona.

Tatizo linakuja pale makohozi yanapopimwa na wadudu wasionekane, halafu mgonjwa akaendelea na dawa kwa kukisia tu, miezi ikapita bila nafuu. Saratani ya mapafu huiga kifua kikuu kwa kila namna: kukohoa, damu, kukonda, homa ndogo, hata kivuli kwenye picha ya eksirei. Picha hiyo huonyesha kwamba kipo kitu, lakini haisemi kwa uhakika kitu hicho ni nini. Kivuli kinaweza kuwa kifua kikuu, nimonia isiyopona vizuri, kovu la zamani, fangasi au uvimbe wa saratani.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 60 aliyevuta sigara tangu ujana wake. Anakohoa damu, makohozi yamepimwa na kifua kikuu hakikuonekana, na picha ina kivuli upande wa kulia. Huyu asikae nyumbani kumaliza miezi 6 ya dawa kwa matumaini. Anahitaji mtu wa kumchungulia ndani.

Zipo dalili nyingine ambazo mama wa nyumba anaweza kuziona kabla ya daktari: sauti iliyokauka wiki nyingi bila mafua, uso na shingo kuvimba hasa asubuhi, maumivu ya bega au kifua yasiyoondoka, pumzi fupi kwa kazi ndogo, na ncha za vidole kunenepa kama virungu. Mtu akiwa na dalili hizi pamoja na kikohozi kirefu, apelekwe hospitali.

Bronkoskopi ni nini?

Mapafu yetu yana njia za hewa zinazofanana na mti uliopinduliwa. Shina ni bomba la hewa linalotoka kooni. Linagawanyika matawi mawili, moja pafu la kulia na jingine pafu la kushoto, na matawi hayo yanazidi kugawanyika hadi kuwa vijiti vyembamba sana. Bronkoskopi ni kipimo cha kuingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera katika matawi hayo ili daktari ayaone kwa macho yake kwenye kioo kama cha televisheni.

Akina mama wengine wanakijua kipimo hiki bila kulijua jina lake. Mtoto akipaliwa na karanga, punje ya hindi au mbegu ya tunda ikamwingia kwenye njia ya hewa, hupelekwa hospitali kubwa na kuingiziwa kifaa cha kuitoa. Kipimo chenyewe kilianza kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1897 daktari Gustav Killian wa mji wa Freiburg, Ujerumani, alitoa kipande cha mfupa wa nguruwe katika njia ya hewa ya mkulima mmoja kwa kutumia bomba gumu. Kwa miaka mingi bomba la chuma ndilo lililotumika, na hadi leo hutumika kwa kazi maalumu kama kutoa vitu vilivyokwama.

Mwaka 1966 daktari wa Japani aliyeitwa Shigeto Ikeda alionyesha mrija unaopinda, wenye nyuzi za kioo za kupitisha mwanga. Mrija wa namna hiyo ndio unaotumika sana leo kwa watu wazima. Unene wake hauzidi penseli ya mtoto wa shule, nao ni laini na hufuata mikunjo ya njia ya hewa. Yule anayewaza bomba la maji likisukumwa kifuani aondoe picha hiyo mawazoni.

Maandalizi

Kipimo hiki hakipatikani zahanati wala kituo cha afya. Hufanyika katika hospitali kubwa za rufaa zenye wataalamu wa kifua, kama vile Muhimbili. Kwa hiyo mgonjwa huanza hospitali ya karibu, anapimwa makohozi na kupigwa picha, kisha hupewa barua ya rufaa. Tunawasihi msitupe picha za zamani. Zibebeni zote, hata za miaka mitano iliyopita. Kivuli kilichokuwapo tangu zamani bila kukua hakimsumbui daktari kama kile kilichotokea mwaka huu.

Makohozi hupimwa kwanza kwa sababu nyingine pia. Mgonjwa hukohoa sana wakati wa kipimo, na kama ana kifua kikuu anaweza kuwaambukiza waliomo chumbani. Mara nyingi pia hupigwa picha ya siti-skani, inayomwonyesha daktari kivuli kiko tawi gani kabla hajaingia.

Mwelezeni daktari au muuguzi mambo yafuatayo bila kuficha: dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, ugonjwa wa moyo, pumu, kisukari, mzio wa dawa yoyote, na kama mgonjwa ni mama mjamzito. Dawa za mitishamba nazo zitajwe. Hatuulizi ili kumgombeza mtu. Tunauliza ili asije akatokwa damu tukashangaa.

Kwa kawaida mgonjwa hali chakula kwa saa 6 kabla ya kipimo, ili asitapike na matapishi yakaingia mapafuni. Kuhusu maji na dawa zake za kila siku, afuate maelekezo ya hospitali yake. Meno ya bandia hutolewa. Akina mama wafute rangi ya kucha, maana kifaa cha kupima oksijeni huvishwa kidoleni na rangi inaweza kukipotosha. Kisha mgonjwa huelezwa faida na hatari, na kuweka sahihi ya kukubali. Hapo ndipo mahali pa kuuliza maswali yote. Asisaini kwa aibu tu kwa sababu daktari ana haraka.

Ndani ya chumba cha kipimo

Mgonjwa hulala chali au kuegemea nusu ya kukaa. Muuguzi humwekea sindano ya mshipani, humpa oksijeni kwa mrija mdogo puani, na kumpulizia dawa ya ganzi kooni na puani. Dawa hiyo ni chungu, na baada ya dakika chache koo huwa kama si lake. Anaweza kuhisi hawezi kumeza, lakini anaweza. Hospitali nyingi humpa pia dawa ya kumtuliza, hata wengine hawakumbuki sana kilichofanyika.

Mrija huingia kwa pua au kwa mdomo, unapita katikati ya nyuzi za sauti na kushuka. Hapo mgonjwa hukohoa kama mtu aliyepaliwa na maji, na daktari huongeza ganzi kadiri anavyoshuka. Hawezi kuongea, kwa hiyo tunamwambia mapema: "Mzee, ukisumbuka inua mkono, tutasimama." Njia ya hewa ni pana kuliko mrija, hivyo pumzi inaendelea kupita pembeni yake. Tunawarudishia wagonjwa neno hili mara nyingi, kwa kuwa hofu yao kubwa ni kukosa hewa.

Daktari akiona uvimbe, huchukua vipande kadhaa kwa koleo dogo sana lililopitishwa ndani ya mrija. Kila kipande ni kidogo kuliko punje ya mchele. Mgonjwa hasikii maumivu ya kukatwa. Daktari anaweza pia kusugua mahali hapo kwa brashi ndogo, au kumwaga maji ya chumvi kidogo na kuyavuta tena ili yapimwe. Katika hospitali zenye vifaa zaidi, mrija huwa na ultrasaundi kwenye ncha, na kwa huo daktari huchoma sindano katika tezi zilizo pembeni mwa njia za hewa. Kazi yote huchukua kama nusu saa, pengine pungufu.

Baada ya kipimo

Mgonjwa hukaa akiangaliwa hadi dawa ya kutuliza ipungue. Asile wala asinywe mpaka ganzi ya koo iishe, kwa kawaida saa 2 hivi, na aanze kwa kuonja maji kidogo. Ndugu msimpe uji wa moto kwa huruma kabla ya wakati, utampalia. Kama amepewa dawa ya kutuliza, asiendeshe gari wala asiachwe peke yake na moto jikoni hadi kesho yake. Lazima awe na mtu wa kumsindikiza nyumbani.

Kukauka sauti, koo kuwasha, michirizi ya damu katika makohozi kwa siku moja au mbili, na homa ndogo jioni ile, hayo hutokea na hupita. Lakini arudi hospitali mara moja akikohoa damu nyingi au mabonge ya damu, akibanwa pumzi, akipata maumivu makali ya kifua kwa ghafla, au homa ikizidi siku moja. Madhara makubwa kama kutokwa damu nyingi au hewa kuvuja nje ya pafu hutokea mara chache, nayo hutibiwa yakiwahiwa.

Hofu tunazozisikia

"Uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika na kusambaa." Maneno haya tumeyasikia kila wodi. Saratani husambaa yenyewe, kwa njia ya damu na tezi, kadiri muda unavyopita. Kipande kidogo kilichochukuliwa hakiisambazi. Watu husema hivyo kwa sababu wagonjwa wengi hupimwa wakiwa wamechelewa, wakafariki muda mfupi baadaye, na lawama ikakiangukia kipimo.

"Mzee wangu ana miaka 70, dada muuguzi, atalimudu hilo bomba?" Umri peke yake si kizuizi. Daktari huangalia moyo, pumzi na damu ya mgonjwa. Kama hali yake hairuhusu, wataalamu hutafuta njia nyingine ya kupata kipande.

"Tukijua ni saratani tutafanya nini? Afadhali tusijue." Swali hili linatuuma kuliko yote, na hatulibezi, maana anayeliuliza ameshawahi kuuguza na kuzika. Lakini kipimo hiki si hukumu. Wapo walioletwa wakidhaniwa wana saratani, na maji yaliyotolewa mapafuni yakaonyesha kifua kikuu. Wakapewa dawa, wakapona. Kama wangekaa nyumbani wakisubiri mauti ya saratani, wangekufa kwa ugonjwa wenye dawa. Na hata inapokuwa kweli ni saratani, kujua kuna faida.

Kipande kidogo, majibu makubwa

Kipande huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya fomalini na kupelekwa maabara ya patholojia. Mahali pengine ndugu ndio hupewa chupa waipeleke. Ukipewa, hakikisha jina la mgonjwa liko juu ya chupa na linafanana na la kwenye fomu. Usimwage dawa ile, usiongeze maji, wala usiiache chupa nyumbani hadi Jumatatu. Tumewahi kuona familia ikirudia safari nzima kwa sababu ya chupa isiyo na jina. Ulizeni majibu yatatoka lini, na namba ya kumbukumbu iandikwe kwenye daftari la nyumbani.

Majibu hayasemi "saratani" tu. Husema ni saratani ya aina gani. Ile ya seli ndogo hukimbia upesi, na kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za mshipani pamoja na mionzi. Ile isiyo ya seli ndogo, ikiwahiwa ikiwa bado mahali pamoja, inaweza kukatwa na kuondolewa kwa upasuaji. Nyingine, hasa kwa akina mama ambao hawajawahi kuvuta sigara, hukutwa na mabadiliko katika vinasaba ambayo yana vidonge vyake maalumu pale vinapopatikana. Hakuna daktari anayeweza kuchagua kati ya njia hizi kwa kutazama eksirei peke yake. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inayotoa mionzi na dawa, nayo huhitaji majibu ya kipande kabla ya kuanza. Na ugonjwa ukiwa umeenea sana, bado majibu husaidia kupanga dawa za maumivu na za kukata kikohozi, na humpa mzee nafasi ya kuweka mambo ya nyumba yake sawa akiwa na akili zake timamu.

Tuseme pia ukweli huu: bronkoskopi haifiki kila mahali. Uvimbe ulio pembezoni mwa pafu unaweza usionekane kwa mrija, na wakati mwingine kipande kinachotoka hakina saratani ingawa saratani ipo. Majibu safi huku mgonjwa akiendelea kukonda na kukohoa damu si mwisho wa safari. Rudini kwa daktari, kwa maana ipo njia ya kuchoma sindano kupitia ukuta wa kifua kwa kuongozwa na siti-skani.

Moshi nyumbani mwetu

Saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi duniani kuliko saratani nyingine zote. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa watu karibu milioni 2.5 waligundulika nayo, na karibu milioni 1.8 walikufa. Tumbaku ndiyo chanzo kikuu, na moshi wa sigara ya mwingine nao unasababisha saratani. Baba anayevutia sebuleni anawavutisha mke na watoto. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mapafu hupungua karibu nusu ikilinganishwa na ya anayeendelea, kwa hiyo hakuna aliyechelewa kuacha.

Moshi wa kuni jikoni nao Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka kati ya vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Tuwe na dirisha la kutolea moshi, tukaushe kuni vizuri, na tusimkalishe mtoto mgongoni mbele ya mafiga yanayofuka. Vumbi la mawe la migodini pia lina hatari. Vijana wetu wachimbaji wasidharau kikohozi.

Kazi yetu sisi akina mama

Mara nyingi ni sisi tunaosikia kikohozi usiku na kuona leso yenye damu tunapofua. Lakini uamuzi wa kwenda hospitali unangoja shemeji, mjomba na wazee wa ukoo wakae. Tusinyamaze. Tuseme mapema, kwa heshima lakini kwa uwazi: "Baba, wiki tatu zimepita, twende tukapime." Fedha zikikosekana, tuulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza shamba, na tukague kama bima inagharimia.

Vikundi vyetu vya akina mama tayari vinajua kupeleka unga na sukari kwa mgonjwa. Tuongeze na hili: mmoja wetu amsindikize siku ya kipimo, mwingine awaangalie watoto, na mwingine akafuatilie majibu. Tumwombee mgonjwa akiwa njiani kwenda kupimwa, na maombi yasiwe sababu ya kumzuia asiende. Wala tusimfiche mgonjwa ugonjwa wake huku ukoo mzima ukinong'ona. Kifua ni chake, na ana haki ya kujua.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kama nyumbani kwako yupo anayekohoa na dawa hazisikii, hesabu wiki leo. Zikizidi tatu, mtayarishieni safari ya hospitali wiki hii.